Roboti Haina Ng'ombe wa Mwisho

Mpwa wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimeketi barazani baada ya Isha, nyumba imetulia. Umesema kiwanda kimeleta majibu ya maziwa ya tangi: seli 340,000 kwa mililita, na mwezi uliopita zilikuwa 210,000. Umesema mwenye shamba anataka aitwe fundi aje aitazame roboti ya kukamulia. Kisha ukaniuliza, "Mjomba, unaonaje?"

Nimechoka, mwanangu. Si wewe uliyenichosha. Jambo hili nimelisema kwa vijana watatu kabla yako, katika banda hilohilo la Friesland, Uholanzi, na kila mmoja alinisikiliza kwa adabu kisha akarudi kutazama kioo cha kompyuta. Nawe nitakuambia, kwa sababu ng'ombe ni amana na hawana mdomo wa kujisemea. Fundi na aitwe. Lakini kabla hajafika, ingia bandani, uiname, ushike viwele.

Tuanze na hiyo namba iliyokutisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mfugaji asizidi seli 400,000, kwa wastani wa miezi mitatu. Wengi huko, maadamu wako chini ya hapo, hulala usingizi. Namba hiyo ni ya kupokelea maziwa kiwandani. Ng'ombe ana namba yake. Mwenye kiwele kizima huwa chini ya seli 100,000, na akishavuka 200,000 elewa kwamba ipo robo ya kiwele chake inayopigana vita, maana seli hizo ni chembe nyeupe za damu zilizotumwa kupambana na vijidudu. Sasa piga hesabu. Una ng'ombe kama 60. Mmoja tu akitoa maziwa yenye seli milioni 3, peke yake ameliongezea tangi seli 50,000. Kwa hiyo huna banda zima la wagonjwa. Una watatu, wanne, labda watano, nao wanakupita kila siku wanatafuna, wewe hujui ni akina nani.

Na kwa nini hujui? Hapo ndipo penye mawaidha yangu yote.

Mimi nilianza kukamua Muheza, katika mradi ule wa Waholanzi na wafugaji wadogo wa Tanga ulioanza miaka ya 1980, wakati kiwanda cha Tanga Fresh bado hakijazaliwa. Tulikuwa na chotara wa friziani, ng'ombe ambao asili yao ni huko huko uliko wewe. Kabla ya kukamua unaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, unakausha kwa kitambaa, unachirizisha maziwa ya kwanza kwenye kikombe cheusi utazame kama yana mabonge. Hapo kidole gumba kimeshapita kwenye chuchu zote nne. Ukikuta robo moja ina joto kuliko wenzake, umejua. Ukikuta ngumu kama unga uliokandwa bila maji ya kutosha, umejua. Ng'ombe akiinua mguu unapogusa upande ambao jana hakuuinulia mguu, umejua. Hakuna aliyekuambia "nenda kachunguze." Uchunguzi ulikuja ndani ya kazi yenyewe, mara mbili kwa siku, utake usitake.

Nilipofika Uholanzi nikakuta wanakamua kwa mashine, wamesimama shimoni, ng'ombe juu yao kwa safu. Hata pale mkono ulikuwa lazima: unafuta chuchu, unachirizisha, unavalisha vikombe. Kisha mwaka 2004 mwenye shamba akanunua roboti. Waholanzi ndio waliokuwa wa kwanza kuziweka mashambani, tangu 1992, kwa hiyo haikuwa ajabu kijijini pale. Ajabu ilikuwa kwangu. Asubuhi ya kwanza niliingia bandani nikakuta ng'ombe wamekamuliwa usiku kucha, maziwa yamo tangini yamepoa, na mikono yangu haijagusa kitu. Nilifurahi, sitakuficha. Viungo vya vidole vilikuwa vimeanza kuniuma. Ilinichukua miaka kadhaa kuelewa kilichoondoka pamoja na maumivu yale: mkono ulipotoka kwenye chuchu, ile habari iliyokuwa ikija bure nayo ilikoma. Tangu siku hiyo kugusa kiwele kukawa jambo la kuamua. Na jambo la kuamua, mwanangu, mtu mwenye kazi nyingi huliahirisha.

Siisemi vibaya roboti. Nimeishi nayo miaka 15 nikaiheshimu. Ng'ombe anakwenda mwenyewe akitaka, mara mbili au tatu kwa siku, hafokewi, hapigwi fimbo. Inamtambua kwa kifaa cha shingoni, inamwekea chakula kidogo, inamsafisha chuchu, inazitafuta kwa mwanga wa leza, inavalisha vikombe kimoja kimoja. Robo iliyokauka inavuliwa kikombe chake peke yake huku nyingine zikiendelea, na hilo sisi shimoni hatukuliweza; mashine ya zamani iliivuta robo tupu mpaka ncha ya chuchu ikawa na sugu. Yote hayo ni rehema kwa kiwele.

Tena inapima. Elewa inapima nini, usije ukaiamini kupita kipimo chake. Kiwele kikiumwa, kuta ndogo za ndani huvuja, chumvi ya damu inaingia kwenye maziwa, na maziwa yenye chumvi hupitisha umeme zaidi. Roboti inapima umeme huo katika kila robo, kisha inazilinganisha robo nne za ng'ombe mmoja. Iliyotofautiana na wenzake inaandikwa kwa rangi nyekundu. Ni werevu mzuri. Lakini ugonjwa wa kimyakimya, ule unaopandisha seli bila kuvimbisha wala kuleta mabonge, mara nyingi haubadilishi chumvi sana. Na robo zote nne zikiumwa pamoja, ya kulinganisha nayo iko wapi?

Kwa upande mwingine, inapiga kengele hata pasipo na moto. Roboti moja yenye ng'ombe 60 inakamua karibu mara 156 kwa siku. Hata kama ingekosea mara moja tu katika kila mia, kila siku ingekupa jina moja au mawili ya ng'ombe wazima. Wiki ya kwanza unakwenda kutazama. Wiki ya tatu unasema, "ni wale wale." Hapo ndipo kifo kinapopita.

Nitakuambia habari ya Shangazi, ambayo mama yako anaijua na mke wangu anaijua, lakini vijana wale watatu sikuwaambia. Nadhani nilikosea kuwaficha.

Alikuwa ng'ombe mkubwa, madoa meusi mapana, namba yake shingoni 47. Mimi nilimwita Shangazi kwa sababu mitamba ilikuwa ikimpisha mlangoni bila kusukumwa. Alikuwa na robo moja ya nyuma kulia ambayo siku zote ilipitisha umeme zaidi ya nyingine, akiwa mgonjwa au akiwa mzima. Wiki moja ya baridi kali kompyuta ilimwandika mara nne, na mara nne nilikwenda, nikashika, nikakuta kiwele laini. Siku ya tano, saa tatu usiku, ikamwandika tena. Nilikuwa nimeshavua buti. Nikasema nitamwona asubuhi.

Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta amelala kwenye kizimba chake, hakuinuka nilipomwita. Nilimshika sikio, lilikuwa baridi kama bomba la maji. Macho yalikuwa yamezama. Nikapiga magoti nikashika ile robo ya nyuma kulia. Ilikuwa imejaa, imekaza, ngozi inang'aa. Nilipochirizisha hayakutoka maziwa. Yalitoka maji membamba ya njano, kama maji ya dafu yaliyotiwa bizari. Daktari wa mifugo alikuja upesi, akatundika chupa ya maji ya mshipani, akafanya lote aliloweza. Alisema ni E. koli, vijidudu vya kwenye samadi, ambavyo vikishaingia kiweleni saa chache tu zinatosha kumwangusha ng'ombe. Shangazi alikufa kesho yake adhuhuri. Mwenye shamba hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Roboti ilikuwa imesema kweli, na ilisema mapema. Saa nane zilizopotea nilizipoteza mimi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari unalo, tena linajiandika lenyewe usiku na mchana, na mali inaweza kupotea huku habari zake zote zimo ndani. Kwa hiyo lishike hili: kila jina jekundu linajibiwa kwa mkono, siku hiyo hiyo, hata kama jana liliitwa bure. Usilitazame jina peke yake pia. Ng'ombe aliyeandikwa nyekundu, na maziwa yake yamepungua, na safari zake za kwenda kwenye roboti zimepungua, huyo usimalize chai yako.

Sasa nije kwenye lile ambalo naliogopa zaidi katika namba yako, maana kupanda kutoka 210,000 hadi 340,000 kwa mwezi mmoja kunanifanya nifikirie maambukizi yanayotembea.

Tulipokuwa tukikamua shimoni kulikuwa na utaratibu ambao hata mtoto wa shamba aliujua: wazima kwanza, wenye seli nyingi baadaye, wagonjwa mwisho, kisha vyombo vinaoshwa. Mgonjwa akiacha vijidudu ndani ya kikombe, hakuna wa kuvipokea. Roboti haina ng'ombe wa mwisho. Mgonjwa anaingia saa nane usiku akiwa na vijidudu vya stafilokokasi katika robo moja, anatoka. Baada ya dakika moja anaingia mtamba aliyezaa juzi, kiwele chake hakijawahi kuumwa, anavalishwa kikombe kilekile. Fikiria mkono mmoja unaokamua ng'ombe 60 bila kupumzika, na usafi wa mkono huo unategemea kitu kidogo kimoja: ile suuza ya maji moto au mvuke kati ya ng'ombe na ng'ombe. Umewahi kusimama kuitazama ikifanya kazi? Simama. Tazama ng'ombe kumi wakipita. Hakikisha mvuke unafika ndani ya vikombe vyote vinne, maana tundu moja lililoziba kwa chokaa ya maji litakuambukizia kundi zima, na kompyuta haitakuwa na la kusema.

Na mipira ya ndani ya vikombe! Hili ndilo lililonifanya nicheleweshe usingizi juzi. Umesema inabadilishwa "kila baada ya miezi kadhaa." Mipira ya raba ya kawaida inahesabiwa kudumu ukamuaji kama 2,500. Ukamue mara 156 kwa siku, hiyo ni siku 16. Mipira ya silikoni hudumu zaidi, mara kadhaa zaidi, lakini hata hiyo ina ukomo wake ulioandikwa na mtengenezaji, tena umeandikwa kwa idadi ya ukamuaji, hautazami kalenda. Mpira uliochoka una nyufa usizoziona kwa macho. Vijidudu vinajificha humo, maji moto hayavifikii, na tena haubani chuchu sawasawa, unaiumiza. Nenda kwenye stoo utafute karatasi ya mipira ya mwisho iliyonunuliwa. Soma ni raba au silikoni. Kisha soma kwenye roboti imeshakamua mara ngapi tangu siku hiyo. Ukimaliza hesabu hiyo huenda fundi asiwe na jambo jipya la kukuambia.

Baada ya hapo ndipo utazame dawa ya kupulizia chuchu. Kukamua kukiisha, mlango wa chuchu hubaki wazi kama nusu saa kabla haujajifunga, na dawa ile ndiyo mlinzi wake. Roboti inapuliza kutoka chini, na ng'ombe akisogea kidogo inapuliza hewa. Chukua karatasi nyeupe ya kupangusia mikono, izungushe kwenye chuchu mara tu baada ya kupuliziwa, ifungue uitazame. Ikiwa imelowa upande mmoja tu, jua kwamba robo hiyo imeondoka bila mlinzi. Na dumu la dawa litikise kwa mkono; usingoje kompyuta iandike kuwa limekwisha. Nimewahi kukuta dumu tupu na mashine inaendelea kupuliza kwa bidii.

Nusu saa hiyo ng'ombe asilale. Zamani tuliwatoa wote pamoja, wakakuta majani mabichi hori nzima, wakasimama wakila. Sasa anatoka mmoja mmoja saa yoyote ile, na akikuta hori imebaki mabua anakwenda moja kwa moja kulala, chuchu wazi juu ya samadi. Kwa hiyo sileji isogezwe karibu mara kwa mara, na zaidi ya yote usiku kabla hujalala. Malalo yawe makavu nyuma ya kizimba, pale kiwele kinapogusa. Piga goti lako hapo kwa nusu dakika. Suruali ikilowa, kiwele nacho kinalowa.

Manyoya ya kiwele yanyolewe au yachomwe kwa ule moto laini wa gesi. Kioo cha leza kifutwe kila siku. Ni kazi ndogo hizi, lakini roboti ikiikosa chuchu hukata tamaa na kumwachia ng'ombe aende na robo moja iliyojaa, na maziwa yaliyobaki ndani ni karamu ya vijidudu. Orodha ya waliokamuliwa nusu ninaiogopa kuliko orodha nyekundu, kwa sababu haina rangi ya kutisha. Isome kila asubuhi na kila jioni. Isome pamoja na orodha ya waliopitisha saa 12 hawajaja. Mara nyingi asiyekuja ni yule anayechechemea. Kwato zinamuuma, hataki kutembea mpaka kwenye roboti, na wewe ukidhani ana kiburi unamwacha kiwele kikimvujia. Mtazame miguu kabla hujamtazama kitu kingine.

Ya kukausha nitayasema kwa ufupi, kwa maana huko daktari wenu atakuongoza. Mimi nilizoea zama za kumwekea kila ng'ombe dawa ya antibayotiki katika chuchu zote nne anapokaushwa, mgonjwa na mzima. Uholanzi imekataza matumizi ya namna hiyo tangu 2012, na nilinung'unika kama wengine. Niliona baadaye kwamba walikuwa sahihi: mwenye seli chache anawekewa kizibo tu cha kuufunga mlango wa chuchu, dawa inabaki kwa anayeihitaji. Ila utaratibu huo unakutaka uwe umemjua kila ng'ombe wako kabla ya siku ya kumkausha, na uwe msafi wa mikono kuliko zamani. Kizibo kikiingizwa na uchafu kimeufungia ugonjwa ndani.

Najua utasema, "Mjomba, ng'ombe 60, niko peke yangu, na mashine ilinunuliwa ili nisifanye haya." Nilisema maneno hayo hayo mwaka 2004. Sikuambii urudi shimoni ukakamue. Nakuomba ng'ombe kumi kwa siku. Wanapokuwa horini wamefungiwa vichwa wanakula, pita nyuma yao, shika robo nne kwa kiganja, ng'ombe kumi, haichukui robo saa. Kwa siku sita umewagusa wote, siku ya saba pumzika, kisha unaanza upya. Baada ya miezi miwili kiganja chako kitajua kiwele cha kila mmoja kikiwa kizima kinakuwaje, na kisichokuwa kizima hutahitaji kuambiwa.

Kesho usianze na kumi. Anza na wale wenye seli nyingi katika karatasi ya upimaji wa mwezi, nadhani watakuwa wanne au watano. Chukua lile bakuli la vikombe vinne, kile kipimo cha Kalifonia. Kimo kwenye kabati la juu karibu na mlango wa tangi kama hakijahamishwa. Kabla hawajakamuliwa, chirizisha maziwa ya kila robo kwenye kikombe chake, mimina dawa kiasi kilekile cha maziwa, yazungushe polepole. Yakibaki majimaji, mwache aende zake. Yakivuta kama ute wa yai, andika namba yake na robo yake kwa kalamu kwenye karatasi, usiandike kwenye kompyuta kwanza. Kisha chukua sampuli safi za robo hizo kwenye vichupa, umpe daktari akavioteshe vijidudu maabara tuvijue ni vya aina gani. Vikiwa stafilokokasi, mwenye shamba na daktari itawabidi waamue nani abaki na nani aondoke, na shauri hilo si lako peke yako wala si langu.

Ukimaliza, nitumie sauti kabla fundi hajafika. Usinisomee namba. Niambie ni robo ipi ilikuwa na joto, na ng'ombe alifanya nini ulipomgusa. Nitakuwa hapa barazani, simu iko mkononi.